Mwenye nyumba na mwezi wa juu

Jamani, mimi na mwezi hatuelewani. Ilianzia kwa mama muuza dagaa pale kona. Fungu la buku limebaki vichwa na macho. Nauliza, "Mama, kulikoni?" Ananionesha juu: "Mbalamwezi, baba. Dagaa wanafuata taa gizani. Usiku wa mwanga hivi, wavuvi wanalala." Yaani mboga yangu inapangwa na kitu kilichoko kilomita 384,000!

Nikarudi nimenuna. Umeme umekatika, kama kawaida. Nikamwambia kijana wangu wa darasa la sita kwamba huu mwezi afadhali ukianza kuliwa na kivuli cha dunia. Akacheka mpaka akakaa chini. Adabu za siku hizi!

Akawasha tochi ya simu yangu (chaji asilimia 7!), akaiegemeza kwenye chupa ya chai, akanishikisha chungwa. "Tochi ni jua, chungwa ni mwezi, kichwa chako ni dunia. Nyoosha mkono, baba, zunguka taratibu." Nikazunguka kama mganga. Kweli bwana, chungwa linamulikwa nusu muda wote. Nikilielekeza kwenye tochi, upande wangu giza tupu. Nikigeuka ubavu, naona nusu. Nikiipa tochi mgongo na kuliinua juu ya kichwa, lote linang'aa.

"Kivuli cha dunia ni pale mwezi unapopatwa, baba, tena mara mojamoja. Huku kukua na kupungua ni siku 29 na nusu, mwandamo hadi mwandamo."

Nikapata akili.

Tarehe mosi jioni, mwenye nyumba hodi. "Mwezi umeisha, mwanangu." Nikamtoa uani. "Mzee, tazama mwenyewe. Mwezi nusu ule pale, ndio kwanza unakua. Umeisha wapi?" Akatazama, akakuna ndevu, akasema kwa upole, "Haya. Tangu leo kodi tufuate mwandamo." Nikampa mkono mbele ya wapangaji wote. Wiki tatu za kupumua! Nilitembea kifua mbele.

Usiku kijana akapiga hesabu. "Baba, 29.5 mara 12 ni 354. Mwaka una siku 365. Kila mwaka utalipa mapema siku 11. Miaka mitatu tu, umemzawadia kodi ya mwezi mzima."

Na chungwa nilishalila.

Jana magharibi, mwezi mwembamba umelala kama dau juu ya mnazi wa jirani. Sijamaliza hata kuvua viatu, nasikia sauti uani:

"Mpangaji! Umeandama!"