Mgonjwa aliyeridhika na daktari wa simu aliulizwa lini?

Mei 2020, Mji wa Kale wa Mombasa ulipofungwa kwa takriban mwezi mzima kwa ajili ya Korona, shangazi yangu alikuwa ndani na vidonge vyake vya presha vilibaki vya siku nne tu. Kliniki yake iko upande wa pili wa vizuizi vya polisi. Binti yake akampata daktari kwa simu ya video. Shangazi akajifunga mashine ya presha mkononi, akasoma namba kwa sauti, daktari akauliza kama miguu yavimba, kisha akatuma cheti cha dawa kwa WhatsApp. Duka la dawa la mtaani likampa vidonge jioni ileile. Yule daktari aliombewa dua siku nzima, na ungemuuliza shangazi kama ameridhika, angempa alama zote.

Ndivyo walivyojibu wengi. Tafiti nyingi zilizofanywa Marekani, Uingereza na kwengineko wakati wa Korona zilionyesha kuwa wagonjwa waliohudumiwa kwa simu au kompyuta waliridhika kwa kiwango kikubwa, mara nyingi sawa na waliokwenda kliniki wenyewe. Sioni sababu ya kubisha. Anayekaa Likoni ajua maana ya kutovuka feri. Nauli za matatu zilikuwa zimepanda kwa kuwa gari halikuruhusiwa kujaza, kafyu ilikuwa yabana, na niliowajua mimi waliogopa karantini kuliko ugonjwa wenyewe. Simu iliwaondolea yote hayo.

Lakini mtu huridhika kwa kulinganisha. Shangazi hakuilinganisha simu na daktari aliyekaa naye kitako na kumpima vizuri. Aliilinganisha na kukosa dawa kabisa, huku barabara imefungwa. Shukrani za mtu aliyeokolewa kwenye shida ni za kweli, ila hazituambii kama matibabu yalikuwa sawa.

Jirani yetu mmoja, mzee mwenye sukari, alionwa kwa njia hiyohiyo miezi hiyo. Alikuwa na kidonda chini ya kidole gumba cha mguu. Mjukuu alishika simu, taa ya chumba ilikuwa ya manjano, na kila alipoisogeza karibu picha ilififia. Daktari aliuliza kama chauma. Mzee akasema hakiumi hata kidogo, na alisema kweli. Sukari ya muda mrefu huua mishipa ya fahamu ya miguu, kwa hivyo kutouma kwenyewe ni dalili mbaya. Ana kwa ana, daktari angeubonyeza mguu, angetafuta mapigo ya damu juu ya unyayo, angesikia harufu. Kwenye simu aliandika vidonge na dawa ya kupaka. Mzee alifurahi sana, akasema amehudumiwa bila kusumbuliwa. Alipofikishwa hospitalini wiki kadhaa baadaye, alikatwa vidole viwili.

Simlaumu daktari yule, alifanya alichoweza kwa alichokiona. Ninalouliza ni hili: mzee angejaza fomu ya kuridhika siku ile ya simu, angesema nini? Na je, kuna aliyerudi kumuuliza baada ya upasuaji?

Kisha kuna wasioulizwa kabisa. Maswali haya huulizwa waliopata huduma. Mama wa Mishomoroni ambaye simu ya maana ya nyumbani huondoka na mwanawe asubuhi hayumo. Aliyeishiwa na bando daktari akiwa kati ya sentensi hayumo pia. Na aliyempata daktari, ana faragha gani katika chumba kimoja cha watu sita? Maradhi ya kike hayaelezwi kwa kunong'ona mbele ya mashemeji. Hata lugha huponyoka: bibi wa Kimvita akisema "roho yanipapa", yaani moyo wamwenda mbio, daktari aliyekulia bara asiyeona mkono ulioshika kifua aweza kudhani ni wasiwasi tu.

Hata hivyo faragha ina upande wake mwingine. Mombasa ni mji wa kujuana. Kijana anayehitaji msaada wa akili, au anayetaka kuuliza kuhusu magonjwa ya zinaa na virusi vya UKIMWI, akikaa kwenye benchi la kliniki habari humtangulia nyumbani. Kwake simu ni sitara, na kuridhika kwake nakuamini bila kusita.

Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 ilishaitambua huduma ya aina hii, na mwaka 2023 ikaja Sheria ya Afya ya Kidijitali. Simu haiondoki, wala sitaki iondoke. Ninachotaka ni mgonjwa asiulizwe mara tu anapokata simu, wakati bado ana furaha ya kusikilizwa. Aulizwe wiki mbili baadaye: umepona, au ulilazimika kwenda hospitali? Na waulizwe walio kwenye foleni ya hospitali ya Makadara alfajiri kama walijaribu simu kwanza, na nini kiliwashinda.

Shangazi bado hupiga simu vidonge vikikaribia kwisha. Ila kila baada ya miezi michache hupanda tuktuk akaenda kutolewa damu, figo zake zipimwe.