Moshi wa thieta: ubishi wa saratani na sentimita tano zinazosahauliwa

Katika thieta, yaani chumba cha upasuaji, kisu cha umeme au leza inapounguza tishu, seli hupasuka na moshi hufuka. Takriban asilimia 95 ya moshi huo ni mvuke wa maji, na hapo ndipo wanaouona kuwa kero ya harufu tu hushikilia. Kinachobaki kina benzini, fomaldehaidi, sianidi ya hidrojeni na vumbi la seli. Chembe za kisu cha umeme zina wastani wa mikromita 0.07; barakoa ya kawaida ya upasuaji, isiyobana usoni, haizizuii.

Wanaotilia shaka kwamba moshi huu huleta saratani hawabishi bure. Utafiti uliofuatilia wauguzi wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2007, haukukuta saratani ya mapafu ikiongezeka kadiri miaka ya kazi thieta ilivyozidi. Ripoti za wahudumu walioambukizwa HPV, virusi vya chunjua, kooni baada ya kuchoma chunjua kwa leza ni chache mno. Lakini macho kuwasha, kikohozi na kichwa kuuma havihitaji miaka ishirini ya kusubiriwa, na kinga yake inajulikana.

Tatizo ni namna inavyotumika. Mdomo wa kifyonza moshi unatakiwa uwe ndani ya sentimita 5 kutoka panapounguzwa. Ukisogea mbali, mashine inavuta hewa ya chumba. Muuguzi mwenye vyombo mikononi hawezi kushikilia bomba saa nzima, kwa hiyo kalamu ya kuunguzia yenye bomba lake ni bora. Madaktari hulalamika kwamba ni nene na inaziba macho. Kwenye jeraha jembamba na lenye kina, wana haki. Mfyonzo wa ukutani ulitengenezewa majimaji na huvuta hewa kidogo. Unafaa kwa moshi haba tu, tena uwe na kichujio njiani.

Kwenye upasuaji wa matundu madogo, mgonjwa naye yumo: moshi hufungiwa tumboni, na kaboni monoksaidi hufyonzwa kuingia kwenye damu. Kufungua koki ya trokari, bomba la kupitishia vyombo tumboni, husafisha picha kwenye skrini na kuwamwagia moshi waliosimama mezani. Koki iunganishwe na kichujio, mvuto ukiwa wa taratibu, la sivyo tumbo husinyaa na nafasi ya kazi hupotea.

Jimbo la Rhode Island, Marekani, lilipitisha sheria ya vifyonza mwaka 2018. Sheria hununua mashine, haisogezi bomba. Hospitali yenye mashine moja iipeleke kwanza kwenye chunjua za leza, pamoja na barakoa za N95 zinazobana usoni, kisha kwenye upasuaji wa matiti, ambako kuunguza huchukua muda mrefu.