Jaketi Lilivyoning'ang'ania Amboni

Klabu yetu ya pikipiki hapa Tanga ina mwenyekiti anayependa picha kuliko petroli. Jumapili hiyo tulipanga kwenda mapango ya Amboni, safari yenyewe kilomita kama 8 tu toka mjini, barabara ya kwenda Horohoro, lakini jamaa kwenye grupu la Wasapu kaandika utadhani tunavuka mipaka, gia kamili, jaketi, kinga za magoti, buti, atakayevua faini elfu kumi. Na joto la Tanga mnalijua.

Njiani hamna la kusimulia. Tulitoka Ngamiani kwa makelele, tulipoacha lami tukala vumbi, basi.

Shughuli ikaanza pangoni. Kijana wa kutuongoza, tochi mkononi, anaeleza vizuri kweli, mara mawe ya chokaa yaliyotafunwa na maji miaka na miaka, mara mzimuni watu wanapoacha sadaka zao, huku popo wananing'inia juu na kutunyea bila aibu. Tukafika penye tundu la kupita kwa tumbo. Wembamba wakapita. Mimi nikaingiza mikono, kichwa, nusu kifua, hapo ndo jaketi likakataa. Mgongoni lina lile gamba gumu la kukinga uti, likakamata jiwe la juu, mbele siendi nyuma sirudi. Mbele naona buti za katibu, nyuma namsikia mwenyekiti, "Usivue wewe! Faini!"

Yule kijana naye badala ya kunisaidia anaendelea na stori, ati humu ndimo Osale Otango alimojificha miaka ya 1950 askari wa mkoloni wakimsaka. Nikamwambia kaka, Osale hakuvaa jaketi la mtumba. Akacheka mpaka tochi ikamponyoka, giza totoro. Kitu kikanitua shingoni, popo au nini sijui, nilisoma dua zote ninazozijua hadi ile ya kuingia chooni. Watu wa Tanga tunajisifu waja leo waondoka leo, nikaona mwenzenu nimekuja na siondoki.

Wakaanza kunivuta miguu. Ikatoka buti, ikatoka ya pili, halafu suruali nayo ikaondoka zima zima, mimi bado nipo palepale nimeganda! Ndo katibu akapata akili, akapenyeza mkono akafungua zipu ya jaketi, nikachomokea upande wake na bukta yangu ya maua. Suruali iko upande wa mwenyekiti, na mwenyekiti kwa tumbo lile hapiti hata aombewe.

Tukatoka kwa njia nyingine, nje tunakutana na wanafunzi wa shule ya msingi wamepanga mstari. Mwalimu kainama anajifanya anatafuta kalamu. Katoto kamoja kakauliza kwa sauti, "Mwalimu, ndo Osale huyu?"

Faini nimelipa. Mara mbili, maana mwenyekiti anasema na suruali ni gia.