Uraibu wa Sherehe Huanza Jumapili

Katika jiji hili la Nairobi tumezoea kumtambua mraibu kwa mavazi yake na kwa mtaa anakoishi. Anayelala kando ya barabara baada ya kujidunga heroini tunamwita teja na kumkwepa, ilhali kijana wa Kilimani anayemeza tembe ya ekstasi Ijumaa usiku katika kilabu cha Westlands, akiwa na kazi nzuri na kodi ya nyumba iliyolipwa, tunasema anajiburudisha tu na kwamba ujana utampita. Naamini kwamba mtazamo huo unawaponza vijana wengi, kwa sababu unatufanya tuutafute uraibu kwenye sura ya mtu badala ya kuutafuta kwenye ratiba yake ya wiki.

Si kila anayeonja dawa hizi huwa mraibu, na MDMA, ambayo ndiyo kiini cha ekstasi, haimkamati mtu kwa kasi ya heroini au kokeini. Vijana wanalijua hilo, na mzazi anayewatisha kwamba tembe moja itawamaliza hupoteza masikio yao siku wanapomwona rafiki aliyeimeza Ijumaa akirudi kazini Jumatatu kana kwamba hakuna lililotokea. Maonyo yanayovunjwa kirahisi hivyo yana madhara, kwa kuwa kijana akishaona ameongopewa katika moja, hataamini hata yale ya kweli, na ya kweli ni mazito.

Kinachotokea ni hiki. MDMA huulazimisha ubongo kumwaga kwa saa chache kiasi kikubwa cha serotonini, kemikali inayosaidia kudhibiti hisia, usingizi na hamu ya chakula, na akiba hiyo hairudi kwa usiku mmoja. Ndiyo maana wengi huzongwa na huzuni, wasiwasi na uchovu kuanzia Jumapili hadi katikati ya wiki. Kokeini kwa upande wake huchezea dopamini, kemikali ya ubongo inayoleta hisia ya raha, na kwa kuwa mlipuko wake wa furaha mara nyingi haufiki hata saa moja, anayeinusa hurudia tena na tena usiku huo huo. Akiichanganya na pombe, kama ilivyo kawaida kwenye sherehe, ini lake hutengeneza kemikali ya tatu iitwayo kokaethilini, inayokaa mwilini muda mrefu zaidi na kuutesa moyo kuliko kokeini peke yake.

Basi Jumapili inafika, na hapo ndipo ninapotaka tutulize macho. Kijana anaamka akiwa hoi, moyo unadunda, chakula hakipiti. Anakunywa bia mbili kutoa loki, yaani kuondoa uchovu wa ulevi wa jana, jambo ambalo hapa kwetu hata watu wazima hulisifia kama busara ya walevi wakongwe. Anavuta bangi ili apate hamu ya kula. Usiku usingizi unakataa, anameza diazepamu, kidonge cha kutuliza, aliyouziwa bila cheti cha daktari. Jumatatu kichwa kizito, anatafuna muguka, majani ya kuchangamsha, ili amalize ripoti ya kazini. Kufikia hapo hakuna anachokitumia kwa raha tena: kila dawa inaziba pengo lililoachwa na iliyoitangulia, na ifikapo Ijumaa mwili unaidai ekstasi ili tu ujisikie ulivyokuwa zamani. Mambo yakienda hivyo kwa miezi, pombe na diazepamu huujengea mwili utegemezi ambao kuukatiza ghafla kunaweza kuleta mishtuko kama ya kifafa na hata kifo. Yule kijana aliyekuwa na hakika kwamba ekstasi haimshiki anajikuta ameshikwa na vitu viwili ambavyo hakuwahi kuvihesabu kuwa dawa za kulevya.

Hatari za usiku wenyewe hazihitaji uraibu ili ziue. Muuzaji hajui kilichomo ndani ya tembe, sembuse mnunuzi. Dawa huchukua dakika 30 hadi 60 kabla ya kuhisiwa, na asiye na subira humeza ya pili akidhani ya kwanza ilikuwa dhaifu. Joto la mwili hupanda kupita kiasi katika ukumbi uliojaa watu, na anayejaribu kulipoza kwa kunywa maji mengi mno anaweza kuishusha chumvi ya damu hadi ubongo uvimbe. Aliyezirai alazwe kwa ubavu, asiachwe peke yake, na daktari aambiwe kila alichotumia. Kwetu marafiki husita kwa kuogopa polisi, kwani sheria ya mwaka 1994 kuhusu mihadarati ina adhabu kali, hivyo humfunika shuka na kumwacha “apumzike”. Nawasihi wasimwache.

Kuna jambo jingine ambalo familia za tabaka la kati hugundua zikiwa zimechelewa. Anayetumia heroini ana methadoni, ambayo imekuwa ikitolewa Hospitali ya Mathari tangu mwaka 2014, dawa inayotuliza kiu ya heroini na kumrudishia mtu siku zake. Kokeini haina dawa kama hiyo iliyoidhinishwa, wala ekstasi. Kinachobaki ni ushauri nasaha wa muda mrefu, usimamizi wa daktari wakati wa kuachishwa pombe na vidonge, na mara nyingi miezi kadhaa katika kituo cha kurekebisha tabia ambacho wazazi hulipia kwa kuuza kipande cha shamba.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na mihadarati, ulionyesha kwamba Mkenya mmoja kati ya sita wenye umri wa miaka 15 hadi 65 anatumia angalau aina moja ya kilevi au dawa ya kulevya. Hao wote hawawezi kuwa mateja wa barabarani pekee. Ni wenzetu ofisini na watoto wetu. Nambari ya NACADA ya 1192 haitozwi chochote, na mzazi anaweza kuipiga kabla mambo hayajaharibika. Waajiri nao wanaowafuta kazi vijana kwa kukosa kufika kila Jumatatu wangewaita kwanza faraghani na kuwapa likizo ya matibabu, kwa maana anayeingia kwenye matibabu angali na mshahara na kiti cha kurudia ana sababu ya kuyamaliza.