Mbwa Hifadhini: Geti Limefunguliwa, Njia Imefungwa

Anayepanga kuzunguka hifadhi za taifa za Marekani kwa gari, hema likiwa nyuma na mbwa kiti cha katikati, huuliza kwanza kama mbwa anaruhusiwa. Karibu kila hifadhi hujibu ndiyo. Safari nyingi huharibikia hapohapo, maana ruhusa hiyo ni ya geti, barabara, maegesho na uwanja wa kambi. Njia za miguu, ambazo ndizo zilizomtoa mtu nyumbani, mara nyingi zimefungwa kwa mbwa.

Kanuni ya jumla ya mamlaka ya hifadhi za taifa za nchi hiyo ni fupi. Mbwa awe kwenye kamba isiyozidi futi 6, yaani mita 1.8, au awe ndani ya kizimba. Kamba za kujikunja zenyewe, ambazo huweza kufika mita 5, zinakubalika zikiwa zimefungwa kwenye urefu huo tu. Kumfunga kwenye mti au meza ya kambini ukaondoka ni kosa. Haingii majengo ya umma, mabasi ya hifadhi wala fukwe za kuogelea. Mbwa wa huduma, aliyefundishwa kazi maalumu ya kumsaidia mtu mwenye ulemavu, hahesabiwi katika vizuizi hivi, lakini mbwa wa kumliwaza mwenyewe tu anahesabiwa. Juu ya hapo kila hifadhi huongeza masharti yake, na masharti hayo yanatofautiana kupita kiasi.

Yellowstone inamtaka mbwa abaki ndani ya mita 30 kutoka barabarani, maegeshoni au kambini. Njia zote za porini ni mwiko kwake, pamoja na zile za mbao zinazopita juu ya chemchemi za moto. Zion inampa njia moja, Pa'rus, yenye urefu wa kilomita 3 hivi, na kwa kuwa bonde lake kuu hufikiwa kwa basi la hifadhi karibu msimu wote wa wageni, mwenye mbwa haoni kilichompeleka. Canyonlands ni kali zaidi: kwenye barabara zake mbovu za porini mbwa haruhusiwi hata akiwa amekaa ndani ya gari. Grand Canyon, upande wa South Rim, yaani ukingo wa kusini, humruhusu kutembea ukingoni juu, ila hatua ya kwanza ya kuteremka bondeni ni marufuku.

Upande wa pili iko Acadia, jimbo la Maine, ambako takriban kilomita 160 za njia za miguu na kilomita 70 za barabara za zamani za magari ya farasi ziko wazi kwa mbwa; zilizofungwa ni zile za kupanda kwa ngazi za chuma kama Precipice na Beehive. Shenandoah, Virginia, ina njia za kilomita 800 hivi na imemfungia mbwa zisizofika 35. White Sands na Petrified Forest nazo humpokea vizuri. Hifadhi hizi zote ziko chini ya mamlaka moja na sheria moja, kwa hiyo hoja ya kwamba mbwa hawezi kabisa kuishi na uhifadhi imekwisha kujibiwa na wenyewe. Linalobaki ni wapi na kwa nini.

Wanaotaka njia zifungwe wana hoja nzito, na iliyo nzito kuliko zote ilitokea Tanzania. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa kirusi unaojulikana zaidi kwa mbwa, uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Watafiti walielekeza macho kwa mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi, na kampeni kubwa za kuwachanja zikafuata. Kirusi cha aina hiyo hakisubiri mbwa amng'ate simba. Hutoka kwa mate, makamasi na mkojo, na mbwa anaweza kukisambaza kabla mwenyewe hajaona dalili yoyote. Yellowstone nayo imeona distempa ikifagia watoto wa mbwa mwitu katika miaka ya 1999, 2005 na 2008.

Kuna jambo lisiloonekana kirahisi hivyo, nalo ni harufu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kutoka misitu ya karibu na Sydney, Australia, ulilinganisha njia zilizopitwa na mbwa aliyefungwa kamba na njia zisizopitwa na mtu. Palipopita mbwa, aina za ndege zilipungua kwa asilimia 35 na idadi yao kwa asilimia 41. Hali ilikuwa hivyo hata kwenye misitu ambako mbwa hutembezwa mara kwa mara, maana yake ndege hawakuwa wamezoea. Hesabu nyingine, iliyofanywa mwaka 2022 katika hifadhi zilizo pembezoni mwa mji wa Ghent, Ubelgiji, ilikadiria kwamba mkojo na kinyesi cha mbwa huingiza kilo 11 za naitrojeni na kilo 5 za fosforasi kwa kila hekta kwa mwaka. Hicho ni kiasi cha mbolea, na mimea ya porini iliyozoea udongo maskini husongwa na magugu yanayopenda mbolea.

Na kuna hatari kwa mbwa mwenyewe. Mwaka 1981 mbwa alichomoka garini Yellowstone akajitosa kwenye chemchemi ya Celestine, ambayo maji yake yana nyuzi zipatazo 94 za Selsiasi. Kijana mmoja aliruka kumwokoa. Walikufa wote wawili. Anayelalamika kwamba kamba ya mita 1.8 ni fupi mno angesoma kwanza habari za chemchemi hiyo.

Wanaotaka njia zifunguliwe nao hawasemi upuuzi. Nyumbu wa kupandwa, chotara wa farasi na punda, huteremka Grand Canyon kila siku na kinyesi chao hubaki njiani, huku mbwa wa kilo 10 aliyechanjwa, mwenye kinyesi kinachookotwa kwa mfuko, akizuiwa. Watu wenyewe huwasogelea baisani hadi wakarushwa hewani. Hata hoja ya distempa ina upande wa pili: uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015, uliofuatilia sampuli za damu za simba na mbwa wa Serengeti kwa miongo kadhaa, ulionyesha kwamba baadaye maambukizi ya simba hayakufuata tena sana yale ya mbwa. Kirusi kilikuwa kinazunguka porini, na chanjo ya mbwa peke yake haikutosha kukimaliza. Zaidi ya hayo, mbwa wa mtalii mwenye cheti cha chanjo si sawa na mbwa wa kijijini asiye na chanjo wala kamba.

Nikipima, naona kufunga njia ni haki palipo na wanyama wakubwa wawindaji, palipo na ndege wanaotagia chini, na palipo na ardhi inayochoma. Chanjo inajibu hoja ya ugonjwa, lakini haijibu ya harufu wala ya woga wa swala na ndege. Ninalolipinga ni ruhusa ya nusu, ile inayomkubali mbwa getini kisha ikamwachia mwenyewe swali la wapi amuweke akienda kutembea. Kwa wengi jibu ni garini, na gari huua.

Hesabu yake ni hii. Nje kukiwa na nyuzi 24, hali ambayo mtu huiita baridi ya kupendeza, ndani ya gari lililofungwa hufika 34 baada ya dakika 10 na karibu 43 baada ya dakika 30. Kuacha dirisha wazi kwa upana wa vidole viwili hakubadilishi kitu cha maana. Mbwa hana jasho la kumtosha. Hujipoza kwa kuhema, na hewa anayovuta ikiwa ya moto kuliko mwili wake, kuhema hakumsaidii. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39.2, na likipita 41 viungo vya ndani huanza kuharibika. Fizi nyekundu sana, mate mazito ya kunata na kuyumba ni dalili za hatari. Mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida tumboni na kinenani, mpepee, kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo hata akionekana amepona. Usimfunike taulo lenye maji, maana huzuia joto kutoka.

Wenye magari ya nyumba, yale ya kulala ndani, huamini kiyoyozi. Tatizo ni kwamba umeme wa kambini hushuka nguvu mchana, kila mtu akiwasha chake, na swichi ya usalama ikikatika kiyoyozi huzimika bila mtu kujua. Vipo vifaa vya kupima joto vinavyotuma ujumbe kwenye simu, lakini ndani ya hifadhi nyingi mtandao wa simu haupo, kwa hiyo ujumbe hufika mwenyewe anapokuwa amekwisha rudi. South Rim kuna banda linalotunza mbwa kwa malipo, na mwenyewe hutakiwa kuonyesha cheti cha chanjo. Hiyo ndiyo njia ya uhakika pale. Hifadhi nyingi hazina huduma ya namna hiyo.

Kwa hiyo ratiba ipangwe kwa kumfuata mbwa. Acadia na Shenandoah ziwe vituo vya kukaa siku nyingi, Zion na Yellowstone zipitwe kwa gari au ziachwe kwa safari nyingine. Katikati ya hizo ipo misitu ya taifa, iliyo chini ya mamlaka tofauti, ambako mbwa huruhusiwa kwenye njia zilizo nyingi. Msitu wa Kaibab umepakana na Grand Canyon, na katika sehemu zake zisizo na kambi rasmi mtu huweza kupiga hema hadi siku 14. Ukiweka kambi hapo, mtu mmoja ateremke bondeni asubuhi na mwingine abaki na mbwa msituni, kesho yake wabadilishane. Mtu anayesafiri peke yake na mbwa asiweke matumaini ya kuteremka isipokuwa kwa banda.

Kambini mambo madogo ndiyo hugharimu. South Rim iko mita 2,100 juu ya usawa wa bahari na usiku wa Mei huweza kukaribia kuganda, hivyo mbwa mwenye manyoya mafupi anahitaji mkeka chini yake kabla ya blanketi juu yake. Mkeka wenyewe uwe wa sponji. Wa kujaza upepo hutobolewa na kucha usiku wa kwanza. Fungua matundu ya hewa ya hema hata kukiwa na baridi, kwa sababu mbwa mkubwa hutoa mvuke mwingi na asubuhi kuta hutiririka maji. Chakula chake, bakuli lake hata likiwa tupu, na biskuti zake huingia kwenye sanduku la chuma la kuzuia dubu pamoja na chakula cha watu.

Maji ya kunywa ni mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na siku ya joto na kutembea zidisha mara mbili. Mbwa wa kilo 25 hivyo anahitaji karibu lita 3. Asinywe ya madimbwi, ambayo huwa na vijidudu vya kuharisha. Hewa ikiwa na nyuzi 30, lami iliyopigwa na jua hukaribia 57. Bandika mgongo wa mkono kwa sekunde 7, ukishindwa kuvumilia, miguu yake nayo haitavumilia. Jioni fungua vidole vyake kimoja kimoja utafute mbegu za nyasi zenye ncha ya mshale. Huingia na hazirudi nyuma, na usipoiona leo utaona uvimbe wenye usaha baada ya siku chache. Kupe avutwe kwa kibano, karibu na ngozi, moja kwa moja bila kuzungusha.

Afrika Mashariki hakuna ruhusa ya nusu. Hifadhi za taifa za Tanzania na Kenya hazimpokei mbwa wa mgeni kabisa, na anayesafiri naye kwa gari kutoka Arusha kwenda Musoma hana budi kuiacha njia ya Ngorongoro na Serengeti, azunguke kwa Singida na Shinyanga. Baada ya 1994 siwezi kuitaka Serengeti ilegeze, wala sioni haja. Lakini Nairobi ina msitu wa Karura, ambako mbwa hutembezwa kwa kamba, nao unaonyesha kwamba misitu ya mijini isiyo na simba inaweza kufuata utaratibu wake.

Misitu kama Pugu, nje ya Dar es Salaam, ingefaa kufikiriwa kwa jicho hilo, na kazi ingeanzia vijijini kabla ya getini. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, kichaa cha mbwa hukosa pa kuenea, na zoezi hurudiwa kila mwaka kwa sababu watoto wapya huzaliwa. Kiwango hicho kikifikiwa, njia moja tu ifunguliwe, yenye alama, kwa kamba ya mita 1.8 na vyeti vya chanjo ya kichaa na ya distempa visivyozidi miezi 12. Ndege wa njia hiyo wahesabiwe kabla haijafunguliwa na wahesabiwe tena mwaka unaofuata. Wakipungua, ifungwe.