Njia ya Kurudi Isiwekwe Ndani ya Mpangilio

Kila ninapoambiwa kwamba kibodi ya mtu imekufa baada ya kubadilishiwa programu dhibiti, yaani programu inayoiendesha kibodi kutoka ndani yake, huuliza kwanza ina chipu gani. Kibodi ambazo wenyewe huziunda kwa vipande vilivyoagizwa kutoka ng'ambo, nyingi zikiendeshwa na programu huria ya QMK, haziuawi kirahisi na mpangilio mbaya wa vitufe. Kinachopotea kwa kawaida ni njia ya kuifikia chipu, na kwa maoni yangu njia hiyo haifai kamwe kutegemea mpangilio wenyewe.

Katika kibodi zenye chipu ya ATmega32U4, kumbukumbu ya programu ni kilobaiti 32 tu, na sehemu yake ya mwisho hutengewa butiloda, yaani programu ndogo inayopokea programu dhibiti mpya kupitia USB. Mpangilio mpya ukipakiwa kwa njia ya kawaida, butiloda haiguswi. Chipu ya RP2040 ni salama zaidi, kwa kuwa butiloda yake imo ndani ya chipu tangu kiwandani na haifutiki: ukishikilia kitufe cha BOOTSEL huku ukichomeka waya, kompyuta huiona kama flashi iitwayo RPI-RP2, nawe unanakili humo faili la UF2, yaani lile lenye programu dhibiti.

Mwenzetu mmoja kazini, hapa Nairobi, alitaka ritifaa iwe karibu na kidole gumba. Lilikuwa jambo la haki kabisa kwa mtu anayeandika Kiswahili kutwa, kwa sababu kibodi yake ndogo ilikuwa imeificha alama hiyo kwenye tabaka la pili, yaani seti nyingine ya alama inayopatikana kwa kushikilia kitufe maalumu, na hakuna aya inayokwisha bila ng'ombe, kung'oa au ng'ambo. Tatizo ni kwamba aliiweka pale palipokuwa na kitufe cha kufungulia tabaka hilo la pili, ambalo ndilo lililobeba tarakimu zote pamoja na QK_BOOT, amri ya kuingia kwenye butiloda. Alipomaliza kupakia, hata nywila yake ya kompyuta haikuandikika.

Tulimwazima kibodi ya kawaida ili aingie kwenye kompyuta. Kisha tukajaribu Bootmagic, yaani kushikilia kitufe cha kona ya juu kushoto huku waya ukichomekwa, lakini katika programu yake huduma hiyo ilikuwa imezimwa. Ikabidi tushike bisibisi. Kibao chake cha saketi kilikuwa cha aina ya Pro Micro, kisicho na kitufe cha kuriseti, na pembeni kina vitundu viwili vilivyoandikwa RST na GND. Vikiguswa pamoja kwa ncha ya kibano mara mbili upesi, butiloda hubaki wazi kwa takriban sekunde 8, kwa hiyo mtu mmoja alishika kibano na mwingine akakaa kwenye kompyuta, amri ya kupakia ikiwa tayari. Mpangilio wa zamani ulirudi bila kulehemu chochote.

Kwa wanaotumia VIA, programu ya kompyuta ya kubadilishia vitufe bila kupakia programu dhibiti upya, mambo ni tofauti kidogo. Mpangilio wao hukaa kwenye EEPROM, kumbukumbu ya pembeni isiyopotea umeme ukikatika, na kupakia programu upya si lazima kuifute, hivyo kosa lile lile laweza kujitokeza tena hata baada ya kazi hiyo yote. Mara nyingi inatosha kufungua VIA na kurekebisha kitufe kwa kipanya.

Ninaowalaumu zaidi ni wabunifu wa makasha. Wapo wanaofunika kitufe cha kuriseti kabisa kwa hoja kwamba tundu huharibu sura ya kasha na kuingiza vumbi. Hoja hiyo siikubali, hasa katika mji ambao kibao kipya mara nyingi hungojewa kwa wiki kadhaa kutoka ng'ambo, kisha kikafika na gharama ya usafirishaji na ushuru juu yake. Kila skrubu inayofunguliwa na kufungwa tena hulegeza uzi wake, hasa kwenye plastiki. Tundu la milimita 3 upande wa chini, likielekea moja kwa moja kwenye kitufe hicho, linatosha kupitisha klipu ya karatasi iliyonyooshwa, na meza hulificha muda wote kibodi inapotumika.