Muuaji Yuko Kwenye Ndoo ya Vibua

Januari nilikuwa likizo, na likizo ya mtu aliyemaliza hela Krismasi ni kitabu. Nikaenda Posta, katikati ya Dar, kwa wale jamaa wanaotandaza vitabu vya mitumba chini, nikaokota riwaya ya upelelezi isiyo na jalada. Elfu tano. Nikalia shida mpaka elfu tatu.

Kasheshe ikawa pa kuisomea. Chumba changu cha Kigamboni ni bati tupu, hakina dari, na mwezi ule joto linapita nyuzi 30 na hewa yenyewe imelowa. Nikilala chali, jasho linaingia machoni. Nikilala kifudifudi, linadondokea kurasa, mshukiwa mkuu anaumuka kama andazi. Feni ilikuwepo. Umeme ndio ulikuwa na ratiba zake.

Ndipo nikagundua pantoni. Kwa shilingi 200 unajibanza pembeni, upepo wa kaskazi unakupuliza bure, unasoma kurasa mbili tatu mpaka Magogoni, ng'ambo ya mjini. Foleni ikiwa ndefu unamaliza sura nzima. Unakata tiketi nyingine, unarudi. (Najua Daraja la Nyerere lipo tangu 2016, lakini nani kawahi kusomea kitabu darajani?) Siku ya tatu nilipanda MV Kazi mara sita, nami niko likizo.

Raha tupu. Kumbe kila mchana nilipokuwa nakianika kitabu dirishani kikauke jasho, gundi ya mgongoni nayo ilikuwa inaiva taratibu.

Tunarudi Kigamboni, mpelelezi kawakusanya wote sebuleni. Akakohoa. Akanyoosha kidole. Nami nikakikunja kitabu ili nikishike kwa mkono mmoja. Kraa! Upepo ukazoa. Kurasa zikapaa kama kunguru wa soko la samaki la Feri. Moja ikamvaa usoni dereva wa bodaboda, nyingine zikaenda kusomwa na samaki. Abiria walinisaidia kuzidaka, ila kila aliyedaka alianza kusoma.

"Ala! Kumbe alikuwa shemeji yake!" kijana mmoja akapiga kelele.

Shemeji wa nani? Alifanya nini? Mlango ukashuka, watu wakatimka kama kawaida yao, kijana akapotea na shemeji wake.

Hapo nikaona ukurasa umeganda kwenye ndoo iliyolowa ya mama mmoja aliyetoka kununua samaki Feri. Ndoo iko kichwani, maandishi yako juu chini. Nikamfuata nyuma, shingo nimeipinda. Neno moja tu lilisomeka: muuaji.

"We kijana, mbona unaninyemelea?"

"Shikamoo, mama. Nasoma."

"Unasoma nini kichwani kwangu?"

Bodaboda walishaanza kusogea, nikaeleza yote chapuchapu kabla sijaitiwa mwizi. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akatua ndoo, akaubandua ukurasa, akaukagua mbele na nyuma kama noti ya elfu kumi.

"Vibua fungu elfu tatu," akasema. "Karatasi nakupa bure, ndiyo ya kufungia."

Nikalipa. Nikatafuta kivuli, nikavipakata vibua mapajani, nikaukunjua ukurasa na kuufuta ute kwa shati.

Ulikuwa wa 14. Mstari wa mwisho ulisema muuaji bado hajulikani.